Kadi za zawadi Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu haki zako

Mahafali, harusi, Krismasi, Idi, mtoto kuzaliwa: kwa Waswahili wengi wanaoishi Marekani, bahasha ya zawadi siku hizi ina kadi ya duka au kadi yenye nembo ya Visa au Mastercard. Aliyeinunua alitoa pesa halisi, na duka au benki ilizipokea siku hiyohiyo. Ndiyo maana kadi kama hiyo inapokataliwa, au salio linapoyeyuka, huo si usumbufu mdogo wa kunyamaziwa. Sheria inakulinda katika mambo kadhaa, na katika mengine imekuacha wazi. Yote mawili yanafaa kujulikana kabla ya kuweka kadi kwenye droo.

Pesa zilizomo kwenye kadi ya zawadi zinadumu muda gani?

Angalau miaka 5. Mwaka 2009 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kadi za mikopo inayojulikana kama CARD Act, na ndani yake wakaingiza kifungu cha kadi za zawadi kilichoanza kutumika Agosti 22, 2010. Tangu hapo, pesa zilizomo kwenye kadi haziruhusiwi kwisha muda kabla ya miaka 5 tangu siku kadi ilipotolewa. Kama ni kadi inayoongezwa pesa, miaka hiyo 5 huhesabiwa tangu mara ya mwisho ulipoiongeza.

Hicho ni kima cha chini kwa nchi nzima. Jimbo linaweza kukuongezea haki, wala haliwezi kukupunguzia.

Kadi yangu ya Visa imeandikwa tarehe ambayo imeshapita. Pesa zimepotea?

Usiitupe! Hapa watu wengi wanapoteza pesa zao bure. Tarehe iliyochapishwa mbele mara nyingi ni ya plastiki yenyewe, si ya pesa. Plastiki inaweza kwisha muda mapema huku pesa zikiwa bado hai, na sheria inataka kadi ya namna hiyo iseme wazi kwamba pesa hazijaisha, pamoja na namba ya simu ya bure. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, sema unataka kadi mbadala kwa ajili ya salio lililobaki. Ikiwa pesa bado ziko ndani ya muda wake, hawaruhusiwi kukutoza kwa kadi hiyo mpya.

Sijaitumia hata mara moja, mbona salio linapungua?

Hii ni ada ya kutotumia kadi. Sheria inairuhusu, ila kwa masharti matatu: kadi iwe haijatumika kwa miezi 12 mfululizo, ada isizidi moja kwa mwezi, na masharti ya ada hiyo yawe yameandikwa waziwazi kwenye kadi na kuelezwa kabla ya mauzo.

Tazama hesabu yake. Umepewa kadi ya dola 25 yenye ada ya dola 2.50 kwa mwezi baada ya mwaka wa kwanza. Ukiiacha kabatini, ada inaanza baada ya miezi 12, na ada 10 tu zinatosha kuimaliza. Kabla ya miaka 2 kutimia, kadi ni tupu, ingawa sheria inasema pesa hudumu miaka 5. Hakuna aliyevunja sheria. Kwa maoni yangu hili ndilo tundu baya kuliko yote katika kanuni hizi, kwa sababu mtu anasikia "miaka mitano" anatulia.

Jambo jingine: kuangalia salio hakuhesabiwi kuwa umeitumia kadi. Lazima pesa iingie au itoke. Kununua hata soda moja kunaanzisha hesabu ya miezi 12 upya.

Majimbo kadhaa, yakiwemo New York na Minnesota, yamepiga marufuku ada za aina hii kwenye kadi za maduka.

Na ile ada ya dola 4, 5 au zaidi wanayotoza wakati wa kununua kadi ya Visa?

Ni halali, mradi imeelezwa kabla hujalipa. Kadi za duka moja kwa kawaida hazina ada hiyo.

Ni kadi gani ambazo sheria hii ya miaka 5 haizigusi?

Ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na migogoro mingi inaanzia hapa.

Ya kwanza ni kadi ya promosheni. Mgahawa unatangaza: nunua kadi ya dola 50, upate nyingine ya dola 10 bure. Ile ya 50 inalindwa. Ile ya 10 hukuinunua, ni ya kuvutia wateja, na inaweza kwisha baada ya wiki chache. Sheria inataka tu iandikwe kwa mbele kwamba ni ya promosheni na mwisho wake ni lini. Ukipata kadi mbili kwa mpigo, anza kutumia ya bure.

Ya pili ni zawadi za pointi na tuzo, pamoja na kadi nyingi ambazo kampuni huwapa wafanyakazi kama motisha. Nazo ziko nje.

Ya tatu ni vocha ya karatasi tupu, ile ambayo saluni au fundi cherehani anakuandikia kwa mkono na kugonga muhuri. Sheria ya shirikisho haiihesabu, ingawa sheria ya jimbo lako huenda ikaihesabu. Angalia tofauti lakini: namba uliyotumiwa kwa barua pepe kisha wewe ukaichapisha kwenye karatasi haigeuki kuwa vocha ya karatasi. Hiyo bado inalindwa.

Ya nne inahitaji macho makali. Vocha iliyoandikwa "masaji ya saa moja" au "usiku mmoja hotelini", bila kiasi cha pesa, kwa kawaida haiingii kwenye sheria ya shirikisho, kwa kuwa haina thamani ya dola iliyotajwa. Ikiwa imeandikwa kwamba mwenye nayo anaweza kuchagua kutumia dola 80 badala yake, inaingia. Kwa hiyo unapomnunulia mama au shemeji huduma ya saluni, omba iandikwe kwa dola.

Kadi za simu pekee, tiketi za kuingilia kwenye matukio, na kadi za kuweka pesa ambazo hazikuuzwa kama zawadi nazo hazimo.

Jimbo ninaloishi linaniongezea nini?

Inategemea sana. Huko California, kadi ya duka kwa kawaida haina mwisho wa muda kabisa. Florida, Washington na Minnesota nazo zimezuia kuweka mwisho kwenye kadi nyingi za maduka. Massachusetts inatoa miaka 7. New York ilikuwa nyuma, lakini kadi zinazouzwa huko tangu Desemba 10, 2022 lazima zidumu angalau miaka 9.

Hizi sheria za majimbo zinabana hasa kadi za duka au mnyororo mmoja wa maduka. Kadi za Visa na Mastercard zinazotolewa na benki mara nyingi zinabaki chini ya sheria ya shirikisho peke yake. Mtu wa Los Angeles anaweza kuwa na kadi mbili mkononi, moja isiyoisha milele na nyingine ya miaka 5, na zote zimenunuliwa duka moja.

Nimebakiwa na dola 3 na senti kidogo. Naweza kudai taslimu?

Sheria ya shirikisho haina neno juu ya hilo, lakini majimbo kadhaa yanayo. Washington, Oregon, Maine, New Jersey na New York: salio likiwa chini ya dola 5, unaweza kuomba pesa taslimu. Colorado ni dola 5 au chini yake. Texas ni chini ya dola 2.50. Connecticut, chini ya dola 3. Vermont na Rhode Island ni chini ya dola 1. California kwa miaka mingi ilikuwa chini ya dola 10, na sheria iliyotiwa saini mwaka 2024 ikapandisha hadi chini ya dola 15 kuanzia Aprili 1, 2026. Massachusetts ina njia yake: ukishatumia asilimia 90 ya kadi, unachagua kama salio ulipwe taslimu au uendelee nalo.

Keshia wengi hawaijui sheria hii, na si kwa ubaya, hawakufundishwa tu. Omba kwa upole, ukikataliwa mwite meneja, taja sheria ya jimbo. Dola 3 si aibu kuzidai, ni zako. Ukizidharau wewe na wenzako wote, zinabaki kwa duka.

Duka likifilisika, kadi yangu inakuwaje?

Hapa ulinzi ni mwembamba, na sitakupamba maneno. Mwenye kadi ya zawadi anahesabiwa kama mdai asiye na dhamana. Yupo kwenye foleni, nyuma ya benki na wengine wenye haki ya kutangulia.

Mifano ipo. Sharper Image ilipoomba ulinzi wa mahakama Februari 2008, ilisimamisha kupokea kadi zake. Baadaye ikakubali, ila kwa sharti kwamba mteja anunue vitu vya thamani mara mbili ya kadi. Toys "R" Us ilipotangaza kufunga maduka yake Marekani Machi 2018, iliwapa wenye kadi siku 30. Bed Bath & Beyond iliomba ulinzi Aprili 23, 2023 na ikasema kadi zitapokelewa hadi Mei 8, yaani wiki mbili tu.

California ina kifungu kinachosema thamani ya kadi inashikiliwa kama amana ya mteja na kwamba duka lililofilisika liendelee kuzipokea. Ila kesi za ufilisi husikilizwa na mahakama za shirikisho, na ahadi ya jimbo haina uhakika ikifika huko. Majaji wenyewe wametofautiana kuhusu kama mwenye kadi apewe kipaumbele kama aliyeweka amana.

Kwa hiyo ukisikia habari kwamba duka linatikisika, nenda na kadi wiki hiyohiyo. Ukichelewa, tafuta tovuti ya kesi hiyo ya ufilisi, jaza fomu ya madai kabla ya tarehe ya mwisho, na ambatisha nakala ya kadi na risiti. Kama kadi ilinunuliwa karibuni kwa kadi ya mkopo, aliyeinunua awasiliane na benki yake apinge malipo. Njia hiyo mara nyingi ni ya haraka kuliko mahakama.

Kadi imepotea au imeibiwa. Lazima wanirudishie?

Hapana. Kinga wanayopewa wenye kadi za benki pale pesa zinapoibiwa haihusu kadi za zawadi. Kampuni nyingi lakini hubadilisha kadi kwa hiari, ukiwa na risiti na namba ya kadi, na zinaweza kukukata ada kidogo. Piga picha ya kadi mbele na nyuma, pamoja na risiti, siku unapoipokea. Picha ikae kwenye simu yako tu, usimtumie mtu.

Na unapompa mtu kadi, mpe na risiti yake. Najua kwetu ni kama kumtangazia bei ya zawadi, lakini kwenye kadi bei imeshaandikwa.

Nimenunua kadi mpya, nimekwangua, salio sifuri. Imekuwaje?

Huu ni wizi unaoenea. Genge linachukua kadi dukani, linafungua pakiti kwa uangalifu, linanakili namba na namba ya siri iliyo chini ya sehemu ya kukwangua, linabandika stika mpya na kuzirudisha rafuni. Wewe unapolipa na kadi kuanza kazi, mashine zao zinagundua na kukomba pesa, wakati mwingine ndani ya dakika. Mwishoni mwa 2023 Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilianzisha operesheni iliyoitwa Project Red Hook dhidi ya magenge haya. Maryland ikawa jimbo la kwanza kutunga sheria ya kulazimisha pakiti salama na mafunzo kwa wafanyakazi wa maduka, nayo imeanza kutumika Juni 1, 2025.

Jinsi ya kujikinga: papasa pakiti, kama gundi imerudiwa au stika imepinda iache. Usichukue ya mbele kabisa kwenye rafu iliyo mbali na macho ya wafanyakazi. Kadi zinazokaa nyuma ya kaunta ni afadhali, na kadi ya kielektroniki kutoka tovuti ya duka lenyewe ni afadhali zaidi.

Ikishatokea, piga simu kwa kampuni ya kadi siku hiyohiyo, rudi dukani na risiti, na toa taarifa polisi. Usikubali jibu la kwanza la "hatuhusiki". Kadi haikufanya kazi uliyoilipia, na aliyekuuzia ana la kujibu.

Nimepigiwa simu na mtu anayesema ni wa uhamiaji, au kodi, au kampuni ya umeme, anataka nilipe kwa kadi za zawadi. Ni kweli?

Ni tapeli. Hakuna ofisi ya serikali ya Marekani, ndogo wala kubwa, inayopokea malipo kwa kadi za zawadi. IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, haipokei. Uhamiaji haupokei. Polisi, mahakama, Social Security, kampuni ya umeme, hakuna. Ukisikia mtu anakutuma dukani ukanunue kadi kisha umsomee namba, kata simu bila kuaga.

Jamii yetu inalengwa makusudi. Mtu anayesubiri makaratasi yake anaogopa sauti inayotaja uhamiaji, na matapeli wanaijua hofu hiyo. Kuna namna nyingine iliyo chungu zaidi: ujumbe unaoonekana kutoka kwa mchungaji, padri au imamu wako, akikuomba ununue haraka kadi kwa ajili ya mgonjwa hospitalini, na kwamba hawezi kupokea simu kwa sasa. Jina ni lake, hata picha ni yake, namba si yake. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, imeonya juu ya utapeli huu. Mpigie mchungaji kwa namba unayoijua, au subiri umuone ana kwa ana.

Mwaka 2023 watu walioripoti FTC kulipa matapeli kwa kadi za zawadi walisema wamepoteza zaidi ya dola milioni 200. Hao ni wale tu walioripoti. Wengi wananyamaza kwa aibu, na wazee wetu ndio wanaonyamaza zaidi. Mtoto au mjukuu anayeelewa Kiingereza vizuri akae nao mapema awaeleze, kabla simu haijaja.

Nimeshamsomea namba. Nimekwisha?

Huenda bado. Kama hajazitumia zote, kampuni inaweza kulizuia salio. Piga simu mara moja kwa kampuni iliyotoa kadi, sema "fraud", yaani utapeli, omba kadi ifungwe na urudishiwe pesa. Usitupe kadi wala risiti. Kisha ripoti ReportFraud.ftc.gov na polisi wa eneo lako. Jihadhari pia na yule atakayekupigia baadaye akidai anaweza kukurudishia pesa kwa malipo kidogo, maana mara nyingi ni walewale.

Kwa nini kadi inakataliwa kituo cha mafuta au mgahawani wakati ina salio?

Pampu haijui utajaza kiasi gani, kwa hiyo inashikilia kiasi kikubwa kwanza, wakati mwingine zaidi ya dola 100. Kadi ya dola 50 inagoma. Ingia ndani, mwambie keshia akukate dola kadhaa kwenye pampu fulani. Mgahawani, mashine inaweza kuongeza asilimia 20 hivi kwa kukisia bakshishi. Ukinunua mtandaoni, isajili kwanza kadi kwa anwani yako kwenye tovuti iliyoandikwa nyuma yake.

Mwajiri amenipa kadi ya dola 100, halafu imeonekana kwenye hati ya mshahara na kukatwa kodi. Ni sawa?

Ndiyo. Kwa IRS, kadi ya zawadi kutoka kwa mwajiri ni sawa na pesa taslimu, hata iwe ndogo.

Naweza kumtumia ndugu yangu Nairobi, Dar au Bujumbura?

Soma masharti kwanza. Kadi nyingi za Visa za zawadi zinazouzwa Marekani hufanya kazi Marekani tu, na kadi za programu kama za Apple zimefungwa na nchi ya akaunti. Kwa nyumbani, tuma pesa kwa njia ya kawaida ya simu au benki.

Niko Kanada, je?

Sheria ni nyingine, na kila mkoa una yake. Ontario ilipiga marufuku mwisho wa muda kwenye kadi nyingi za zawadi tangu Oktoba 2007.

Nilalamike wapi?

Anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi, ukitaja tarehe ya kununua, kiasi, na unachotaka. Kadi ya duka ikigoma, peleka malalamiko kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako, ambayo ina kitengo cha kulinda wateja, na kwa FTC. Kadi ya Visa au Mastercard, andikia CFPB, ofisi ya shirikisho inayosimamia huduma za fedha kwa wateja. Kiasi kikiwa kikubwa, kuna mahakama ya madai madogo, ambako kwa kawaida huhitaji wakili, na ukiomba mkalimani wa Kiswahili mapema mahakama nyingi zitakutafutia.

Aliyelipa kwa kadi ya mkopo asichelewe: kupinga malipo kwa maandishi kuna muda wa siku 60 tangu taarifa ya kwanza ya benki yenye malipo hayo ilipotumwa.